Kadi ya hoteli: gumzo la Wana wa Bi Mwanamkuu

*Ijumaa jioni*

Zainabu (Columbus): Asalaam aleikum jamani. Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Vyumba vya harusi ya Mwanaidi kule Houston nataka nivilipie vyote mimi mwezi huu tusije tukakosa, halafu kila mtu atanirudishia chake. Ila kabla sijalipa nafikiria kuchukua kadi ya mkopo ya hoteli, hizo pesa angalau zizae pointi za kulipia vyumba. Nimeipenda ya Hyatt. Ada ni dola 95 kwa mwaka, na kila mwaka ukifika unapewa kulala siku moja bure. Kuna anayeijua vizuri?

Shangazi Rukia (Houston): Waaleikumu salaam. Marahaba mwanangu. Vyumba lipia, Mungu akubariki. Hiyo kadi ndiyo siitaki. Riba ni riba hata wakiifunga kwa utepe.

Idrisa (Lexington): Shikamoo Shangazi. Mimi nafuatilia hapa, na mimi naitaka hiyo kadi kwa sababu yangu nitakayoieleza.

Salimu (Minneapolis): Zai, kwanza nikuulize. Umelala Hyatt mara ngapi tangu uje Marekani?

Zainabu (Columbus): Mara moja, kwenye semina ya kazini.

Salimu (Minneapolis): Na mwaka jana na juzi umelala wapi? Fungua barua pepe utafute risiti. Usijibu kwa kukumbuka, zihesabu.

Zainabu (Columbus): Haya, nipe dakika.

Idrisa (Lexington): Wakati anatafuta, niseme yangu. Kwenye akika ya mtoto wa Dada Zai nilikuja na kadi yangu ya benki ya kawaida, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti. Mapokezi yule dada akaniambia watakata pesa ya chumba, halafu watashika dola 50 kwa kila siku kama dhamana. Siku tatu, 150. Sikuelewa "kushika" maana yake nini. Asubuhi ya kuondoka nipo kituo cha mafuta, kadi inakataa. Pesa yangu ipo, naiona, lakini siwezi kuigusa. Ilirudi baada ya siku tano za kazi. Nilirudi Kentucky kwa mafuta aliyoninunulia Dada.

Zainabu (Columbus): Mdogo wangu, siku ile uliniambia umesahau kadi nyumbani!

Idrisa (Lexington): Niliona aibu Dada.

Shangazi Rukia (Houston): Aibu ya nini baba? Ungesema hapa hapa. Pole sana.

Salimu (Minneapolis): Pole mdogo wangu. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Kadi ya mkopo ikishikwa dhamana, kinachoshikwa ni kiwango chako cha mkopo. Hela yako ya mafuta na ya kodi ya nyumba inabaki ilipo. Ila wewe una mwaka mmoja tu hapa, kadi za hoteli kubwa watakukataa kwa sababu huna historia. Anza na ile unayoweka dhamana, unawapa dola 200 na wao wanakupa kiwango cha 200. Inunulie mafuta tu, lipa yote kila mwezi. Baada ya mwaka hivi utaomba nyingine kwa heshima.

Zainabu (Columbus): Nimerudi. Nimehesabu miaka miwili. Siku 11 za hoteli. Saba nimelala Hampton. Mbili Holiday Inn Express. Moja Fairfield. Moja hiyo Hyatt ya semina, na hiyo alilipa mwajiri.

Salimu (Minneapolis): Umeona? Saba kati ya 11 ni Hilton, maana Hampton ni ya Hilton. Na si kwamba umeipenda. Kumbi zetu za harusi ziko pembeni ya barabara kuu, na pembeni ya barabara kuu ndiko kuna Hampton. Misiba ndivyo hivyo hivyo, unafika usiku, unalala palipo karibu na msikiti, kesho unazika. Hilton wana hoteli zaidi ya 8,000 duniani, Hyatt ni ndogo kwao mara nyingi. Hatuchagui hoteli sisi, shughuli ndiyo inayotuchagulia.

Zainabu (Columbus): Lakini Hilton niliona mtu anasema kalala kwa pointi 60,000! Hyatt wanalala kwa 8,000 au 12,000. Si Hyatt rahisi?

Salimu (Minneapolis): Hapo wengi ndipo wanapopotea. Pointi ni kama fedha za nchi mbalimbali. Shilingi ya Kenya moja ni kama 20 za kwetu, lakini mwenye 1,000 ya Tanzania hasemi anazo nyingi kuliko mwenye 100 ya Kenya. Pointi ya Hilton ni kama nusu senti ya dola. Ya Hyatt inafika senti moja na nusu, hata zaidi. Kila ukitaka kulala kwa pointi, chukua bei ya chumba pamoja na kodi yake, gawa kwa pointi wanazotaka. Chumba cha dola 160 wakikutaka pointi 40,000, hapo ni senti 0.4. Lipa pesa, pointi ziweke.

Neema (Minneapolis): Shemeji zangu habari za jioni. Shikamoo Shangazi. Salimu ana hesabu zake nzuri, lakini hajawaambia ya kwetu, na mimi nitaisema maana ndiyo Zai anayopaswa kuisikia kabla hajasaini.

Salimu (Minneapolis): Waambie tu mama.

Neema (Minneapolis): Mwaka 2022 tulichukua kadi moja ya hoteli kwa sababu ya bonasi ya kukaribishwa. Masharti yalikuwa utumie dola 4,000 ndani ya miezi mitatu. Matumizi yetu ya kawaida hayafiki huko. Tukanunua sofa. La zamani lilikuwa zima kabisa, jamani, tuliligawa. Bonasi tukaipata, tukalala siku mbili Chicago, tukapiga picha. Nyuma yake deni la 3,200 limebaki, na riba ilikuwa asilimia 27.

Neema (Minneapolis): Hiyo ni kama dola 72 kwa mwezi, riba peke yake. Miezi minane tulilipa kile kiwango cha chini tu, zamu zangu za hospitali zilikuwa zimepungua. Zaidi ya dola 500 zimekwenda. Karatasi yake bado ninayo kwenye droo ya jikoni. Ina kisanduku, sheria inawalazimisha wakiweke, kinakwambia ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza deni baada ya miaka mingapi. Cha kwetu kiliandika miaka zaidi ya kumi. Nilikisoma nimesimama, nikakaa chini.

Shangazi Rukia (Houston): Subhanallah. Na watu walidhani mmelala bure.

Neema (Minneapolis): Hata sisi tulidhani hivyo Shangazi. Tulimaliza kwa pesa ya kodi tuliyorudishiwa na serikali. Ndiyo maana nasema, kama kuna mwezi mmoja tu unaona hutalipa deni lote, usichukue kadi yoyote ya pointi. Hakuna pointi zinazofukuzana na asilimia 27.

Zainabu (Columbus): Pole sana Wifi. Ahsante kwa kusema. Mimi nalipa yote kila mwezi, hilo namshukuru Mungu sijawahi kukosea.

Mjomba Hemedi (Tanga): Waaleikumu salaam, marahaba wanangu. Huku ni usiku wa manane, simu imeniamsha, nikasoma yote. Rukia dada yangu, kuhusu riba usiwatishe watoto moja kwa moja, wala wao wasilichukulie jepesi. Wanazuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaosema ukilipa kabla ya muda hakuna riba uliyotoa, kadi ni chombo tu. Wapo wanaosema kule kutia saini tu mkataba wenye sharti la riba ndilo tatizo. Kila mmoja amuulize mwalimu anayemwamini. Deni la kutoliweza, hilo hakuna wa kulitetea.

Shangazi Rukia (Houston): Sawa shemeji yangu, nimekusikia. Mimi nabaki na kadi yangu ya benki.

Salimu (Minneapolis): Na hukosi pointi Shangazi! Hili watu hawalijui. Kujiunga na mpango wa wateja wa hoteli ni bure na hakuna mkopo ndani yake. Jiunge na Hilton, na Marriott, na Hyatt, uwe na namba zao. Ukilala Hampton unapata pointi 10 kwa kila dola hata ukilipa kwa kadi ya benki. Kinachozikosesha ni kununua chumba kwenye tovuti za watu wa kati. Chumba nunua kwa hoteli wenyewe, kwenye programu yao au kwa simu.

Shangazi Rukia (Houston): Kumbe! Miaka yote hii nanunua kwa wale wa kati. Idrisa utanifungulia hizo namba ukija, mimi macho haya.

Idrisa (Lexington): Nitakufungulia Shangazi, zote tatu, na nitakuandikia kwenye daftari lako.

Salimu (Minneapolis): Na Zai, usilipie vyumba vyote peke yako. Ukilipia kundi zima hupati pointi za vyumba vyote. Marriott kwa mfano wanaishia vyumba vitatu, na lazima uwe umelala kimoja. Wewe zungumza na hoteli wakutengee vyumba vya harusi kwa bei ya kundi, kisha kila mtu alipie chake kwa namba yake. Na wewe hutakimbizana na watu kudai.

Zainabu (Columbus): Hilo la kudai umenigusa. Bado kuna mtu namdai hela ya Atlanta, sitamtaja.

Idrisa (Lexington): Nitalipa Jumatano Dada.

Zainabu (Columbus): 😂 Haya. Kwa hiyo mnanishauri kadi ya Hilton?

Salimu (Minneapolis): Ile ya American Express isiyo na ada ya mwaka. Hampton inakupa pointi 7 kwa dola juu ya zile 10 za uanachama, na inakupandisha daraja la fedha (Silver), hapo unaongezewa 2. Jumla 19. Chukua harusi hii, chumba cha dola 140 kwa siku tatu ni 420. Utapata pointi karibu 8,000, thamani yake kama dola 40. Si utajiri, lakini hujalipa ada, na mwaka usiolala popote hujapoteza kitu. Na ukiwa na daraja hilo, ukilala siku tano mfululizo kwa pointi, ya tano wanakusamehe. Ile yenye ada ya 150 iache. Usiku wake wa bure unaupata ukitumia dola 15,000 kwa mwaka, na hapo ndipo masofa yanapoanzia.

Neema (Minneapolis): Asante kwa kulikumbuka sofa.

Salimu (Minneapolis): Kitu kimoja, hiyo American Express ukienda nyumbani usiitegemee. Sehemu nyingi wanachukua Visa na Mastercard tu, na gesti nyingi za Paje na Jambiani wanapenda pesa taslimu. Na mashine ikikuuliza ulipie kwa dola au shilingi, chagua shilingi.

Neema (Minneapolis): Na usiitumie kadi ya mkopo kutuma pesa nyumbani. Benki nyingi zinahesabu kama umetoa pesa taslimu, unakatwa ada, na riba inaanza siku hiyo hiyo bila kusubiri mwisho wa mwezi. Wagonjwa wangu wawili wameumia hivyo.

Zainabu (Columbus): Nimeelewa. Ila niwaambie ukweli. Hyatt sikuitaka kwa ajili ya Houston. Niliitaka kwa ajili ya Mama.

Salimu (Minneapolis): Kivipi?

Zainabu (Columbus): Park Hyatt pale Shangani, Unguja. Ule ni mjengo wa Mambo Msiige. Mama alikuwa akipita pale akiwa msichana, anatoka mtaa wa Malindi kwenda kwa shangazi yake, na alikuwa anauliza ndani mna nini. Kila tukiongea Zanzibar anauleta. Nikasema mwaka kesho tukienda, asilale kwa Mama Mkubwa siku mbili. Alale mule. Hiyo siku ya bure ya kadi ndiyo niliyoitamani.

Shangazi Rukia (Houston): Mambo Msiige! Jina lenyewe linakukataza kuiga, wewe unataka kuingia na kadi. 😊 Lakini nia yako nzuri mwanangu. Mama yako aliwahi kunisimulia habari za jumba hilo, siku tulipokuwa tunapika pilau ya arobaini ya marehemu kaka yangu.

Salimu (Minneapolis): Ungeanza na hili Zai, tungezungumza vingine. Ile siku ya bure ya kadi ya Hyatt ni ya hoteli za kategoria 1 hadi 4 tu, yaani madaraja yao ya chini, inakufa baada ya mwaka mmoja, na hoteli huwa wanazihamisha kategoria. Usimwahidi Mama kwa kitu cha namna hiyo. Sisi tuna kadi ya mkopo ya benki ya Chase, ile Sapphire Preferred, tuliichukua baada ya kulipa deni, na pointi zake zinahamia Hyatt moja kwa moja. Pointi 1,000 zinakuwa 1,000.

Zainabu (Columbus): Sasa?

Neema (Minneapolis): Tunazo 61,000. Zimekaa tu. Nimeshamwangalia Salimu usoni, amekubali.

Salimu (Minneapolis): Nimefungua programu sasa hivi, zinatosha siku mbili. Ila sizihamishi leo, maana zikishaenda Hyatt hazirudi. Nipeni tarehe za safari kwanza, nihakikishe chumba kipo, ndipo nihamishe. Chumba kitaandikwa jina la Mama.

Zainabu (Columbus): Kaka. Wifi. Sina la kusema.

Mjomba Hemedi (Tanga): Dada yangu, mama yenu, ameamka kwa swala, nimemsomea haya yote. Ananyamaza. Sasa anauliza nimuandikie: dirisha la hicho chumba linatazama baharini au linatazama mtaani?

Salimu (Minneapolis): Mwambie nitawaandikia niombe la baharini.

Mjomba Hemedi (Tanga): Anasema hapana. La mtaani. Anataka aone ile njia aliyokuwa akipita.