Picha ya kamera ionekane mchoro wa kale: GIMP, Photoshop, simu au kazi ya mkono?

Mpigapicha_Tanga
Habari wakuu. Nina kazi ya mzee mmoja anayetimiza miaka 80. Watoto wake wanataka picha yake itundikwe sebuleni kama mchoro wa rangi za mafuta uliokaa miaka mia tatu: giza kwa nyuma, rangi za kahawia, nyufa ndogondogo. Itachapwa kwenye kanvasi ya sm 60 kwa 40.

Nimejaribu programu moja ya simu, ikanirudishia faili lenye pikseli 1080 upande mrefu. Pigeni hesabu: kwenye sm 60 hiyo ni kama pikseli 45 kwa inchi. Uso wa mzee umekuwa uji. Sasa kwenye programu za kompyuta za kuhariri picha, nilipie Photoshop kila mwezi, nijifunze GIMP, au kuna njia nyingine?

LeyaJuuYaLeya
Mkuu, GIMP inatosha, na ni bure. Ina filta ya Oilify lakini usiitegemee. Inachotazama ni pikseli za jirani, inachukua rangi inayojirudia zaidi, basi. Unapata mabaka, hupati mapigo ya brashi.

Ongeza G'MIC, kifurushi cha filta za ziada, nayo ni ya bure, imetoka maabara ya GREYC kule Caen, Ufaransa. Humo tafuta Kuwahara: inalainisha ngozi huku kingo za macho na pua zikibaki kali. Kuna pia Brushify, inayoichora picha upya kwa brashi. Hiyo ni nzito. Kwenye kompyuta yangu ya RAM GB 4 naibonyeza, naenda kunywa chai, narudi bado inahesabu.

Oil Paint ya Photoshop ni rahisi zaidi, sikatai. Unaona matokeo papo hapo na unachagua mwanga uangukie brashi kutoka upande gani. Ila kadi ya grafiki ikiwa ya zamani, filta inakaa kijivu tu, haibonyezeki. Uliza kwanza kompyuta yako kabla ya kulipa.

Pwani_254
Mimi nilifanya ya harusi, nikajaza nyufa kila mahali. Mamake bibi harusi alipoiona akasema, "Mwanangu umemgeuza ukuta wa gofu?" Nikarudia kazi yote bure. Chunga sana hizo nyufa, ndugu.

DadaWaStudio
Mnamweleza habari za brashi, na yeye kauliza ukale. Hizo ni kazi mbili. Filta yoyote kati ya hizo itakupa mchoro uliokauka jana.

Ukale unatoka kwanza kwenye vanishi. Wachoraji wa Ulaya walipaka vanishi ya utomvu wa miti juu ya rangi, nayo kwa miaka inageuka njano kisha kahawia. Mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, wa mwaka 1642 ulioko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, watu waliuita Ulinzi wa Usiku ilhali ni tukio la mchana. Vanishi na uchafu ndivyo viliutia usiku.

Kwa hiyo usiweke sepia. Sepia inafuta rangi zote, hiyo ni picha kuukuu ya karatasi. Vanishi inaziacha rangi zikiwepo ila inazipotosha: bluu inaelekea kijani, nyeupe inakuwa krimu, nyekundu inabaki na joto lake. Fungua leya (tabaka) mpya juu ya picha, ijaze njano ya kahawia, iweke kwenye Multiply (namna ya kuichanganya na picha ya chini), nguvu asilimia 20 hivi. Nyeusi nayo ipandishe kidogo iwe kahawia iliyoiva.

La pili, na hapa wengi wanaharibu: Multiply inatia giza, na ngozi zetu zitazama. Pandisha mwanga wa kati kwa Curves, kile kifaa cha kurekebisha mwanga, KABLA ya hiyo leya. Kama unataka kipimo, tazama picha ya Juan de Pareja iliyochorwa na Velázquez, mchoraji wa Hispania, mwaka 1650, iko makumbusho ya Metropolitan, New York. Mtu mweusi, amevaa mavazi ya giza, ukuta wa nyuma umefifia, na bado paji la uso na pua vimeshika mwanga vizuri kabisa. Pakua faili kubwa kwenye tovuti yao, ni bure, uliweke pembeni ya kazi yako.

Halafu tuambie, mzee umempiga kwa mwanga gani?

Mpigapicha_Tanga
Dada, nimempiga kwa flashi ya mbele 😅

DadaWaStudio
Basi rudi. Mkalishe karibu na dirisha moja, zima taa zote. Flashi ya mbele haina programu ya kuitibu.

FundiFremu
Njia nyingine ni mkono. Chapa picha safi kwenye kanvasi, ipulizie dawa ya kulinda wino (usiruke hapa, wino wa maji utachuruzika), kisha paka vanishi ya kupasua ya aina mbili: ya chini inakauka polepole, ya juu haraka, ndipo inapasuka. Nyufa zikitokea, sugua dawa ya viatu ya kahawia, futa juu. Inayobaki ndani ya ufa ndiyo uzee. Taa ikiipiga kwa ubavu unaona nyufa kweli, filta haikupi hiyo. Ubaya wake ni mmoja: ukikosea, umeharibu kanvasi.

Wa kompyuta nao: nyufa zenu ni kubwa mno. Kwenye mchoro halisi ni nyembamba sana. Juu ya ubao zinafuata sana mkao wa mbao, juu ya kitambaa zinasambaa kama wavu, na mahali kitambaa kilipogongwa kwa nyuma zinazunguka kama utando wa buibui.

Mpigapicha_Tanga
Mrejesho. Nimempiga upya dirishani, Kuwahara ya G'MIC, vanishi asilimia 20, nyufa nimeziacha nyuma na begani tu. Nimechapa kipande cha A4 kujaribu. Watoto wameshangilia. Mzee mwenyewe kaitazama kanzu yake kwa muda mrefu, akauliza, "Hii nani kaifua?"

DadaWaStudio
Kwenye kanzu shusha vanishi hadi 10, ukutani iache. Na mzee usimwonyeshe tena hadi ulipwe.