Kiingereza cha kusikia na kusoma kwa mtoto wa kidato cha pili: twisheni, muvi, vitabu au podikasti?

Mama_Makorora

Wadau, habari za jioni. Niko Tanga mjini, Makorora. Nina kijana kidato cha pili, shule ya kutwa. Hesabu hazimsumbui. Kiingereza ndicho kinachomtoa jasho, na mwaka huu ana mtihani wa taifa.

Juzi nilimshika na daftari la Baiolojia, jaribio kapata 4 kwa 10. Nikamtaka anisomee swali la kwanza na kunijibu. Kasoma, kajibu vizuri. La pili vilevile. Nikamuuliza, sasa hizi nne zimetoka wapi? Akanambia, "Mama, hapa nasoma mwenyewe. Siku ile mwalimu alitutajia maswali kwa mdomo, nusu yalinipita." Masikio yake mazima kabisa, usiku akiita muuza ubuyu barabara ya pili yeye ndiye wa kwanza kusikia. Ila neno analolijua kwa macho, likipita sikioni halitambui.

Nimeshauriwa mambo manne: twisheni ya jioni (elfu 30 kwa mwezi), muvi za Kizungu, vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, na podikasti (vipindi vya sauti vya kupakua mtandaoni) za BBC. Pesa ya yote sina, mie nauza maandazi na kaimati. Aliyempitisha mtoto njia mojawapo anieleze ilikuwaje. "Ajitahidi tu" nimeshaisikia ya kutosha.

FomuFoo2019

Mama, usitupe hela kwenye kusikiliza. Nimemaliza kidato cha nne 2019. Kiingereza ilikuwa karatasi moja, saa tatu: ufahamu, muhtasari, barua, maswali ya riwaya na tamthiliya. Hakuna aliyekuja kutuwashia redio chumba cha mtihani. Kusoma ndiko kunakolipa. Mpe hadithi na karatasi za mitihani iliyopita, basi.

Kocha_Mikanjuni

Muvi na mpira, yakhe. Mie kimombo changu chote nimekiokota kibanda umiza, Jumamosi mpaka Jumapili. Hadi leo nikimsikia mzungu anasema "what a save" nasisimka.

Binti_Ngamiani

@Kocha_Mikanjuni hiyo ilikuwa zamani, kaka. Siku hizi ving'amuzi vina utangazaji wa Kiswahili, na muvi za mtaani zimeshatafsiriwa na madijei. Mtoto ataangalia saa mbili, atakachosikia ni dijei tu akimwita mchina "huyu jamaa wa Handeni". Raha ipo, kimombo hakuna.

Kocha_Mikanjuni

😂😂 Hilo la Handeni nimelisikia kweli.

Mwl_Pongwe

Mama Makorora, nafundisha Kiingereza nje kidogo ya mji. Kijana wako hana tatizo la ajabu, nusu ya darasa langu wako hivyo.

FomuFoo kasema kweli kuhusu karatasi ya Kiingereza, ila kasahau masomo mengine. Mtoto kasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta Jiografia, Fizikia, Baiolojia zote ni Kiingereza, na zinatoka mdomoni mwa mwalimu. Asiyekuwa na sikio hapati hasara ya somo moja.

Chanzo chenyewe ni hiki. Kiswahili tunakiandika kama tunavyokitamka, na kila silabi inapata haki yake: Ma-ko-ro-ra, sa-ma-ki. Kiingereza kinakazia silabi moja na jirani zake kinazimeza. Chukua "comfortable". Kwa macho ina herufi 11, mtoto anangojea silabi nne. Mtangazaji wa London anampa tatu, kitu kama "kamf-ta-bo". Kabla hajatafuta hiyo iliyopotea, sentensi imeshakwisha. Tena maneno yanashikana mikono, "not at all" inatoka kama jina la mtu mmoja. Na "thirteen" na "thirty" nisizitaje, kila mwaka zinanikosesha watoto maksi kwenye imla.

Kwa hiyo, kwa tatizo hili hasa, dawa ni sauti na maandishi ya kitu kilekile kwa pamoja. Muvi bila maandishi chini ni kelele tu. Ikiwa na maandishi ya Kiingereza inasaidia kiasi. Ikiwa na ya Kiswahili, jicho linasoma Kiswahili na sikio linalala. Twisheni uliza kwanza wanafanya nini huko ndani. Kama ni watoto 40 wananakili tensi ubaoni, hizo elfu 30 kanunulie unga.

Karani_Mstaafu

Mwalimu umenikumbusha mbali. Nilikuwa karani katika shamba la mkonge njia ya Muheza. Usiku natega redio ya mawimbi mafupi, naivutia waya mpaka juu ya mwembe, nasikiliza Sauti ya Amerika, kipindi chao cha Special English. Kilianza mwaka 1959, maneno yake ya msingi kama 1,500 tu, na msomaji anasoma taratibu kuliko taarifa za kawaida. Nilikuwa na daftari, naandika ninachosikia.

Sasa nisikilizeni kisa. Ofisini kila siku napiga chapa neno "government", G-o-v-e-r-n-m-e-n-t, barua kumi kwa siku. Redioni nasikia "gavment". Miaka miwili nikaamini ni maneno mawili tofauti! Nikawa najiambia hiyo "gavment" lazima ni kitu cha Wamarekani. Siku moja padri mmoja mzungu kaja ofisini, akalitamka huku kidole chake kiko juu ya barua yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ningekuwa na maandishi ya kile kipindi mkononi, isingechukua miaka miwili.

Mama_Makorora

Shikamoo mzee. Hapo kwenye "gavment" nimecheka, kisha nimehuzunika, maana ndiyo kijana wangu mwenyewe.

Nina hofu mbili. Simu nikimpa, naikuta TikTok. Na bando lenyewe linaishaje?

Karani_Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Fundi_Simu_Barabara12

Bando lisikutishe, ni hesabu tu. Kipindi cha sauti cha dakika 6, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kinakuja kama MB 6. Vipindi 20 ni MB 120, unapakua mara moja umemaliza. Video ya dakika hizohizo inakula mara nyingi zaidi. Tena sauti ukishaipakua, unaisikiliza mara mia bila kulipa tena.

Kuhusu TikTok: usimpe simu. Nunua memori kadi, leta na ile redio ndogo ya kuchomeka kadi, nakuwekea mafaili humo. Hiyo redio haina kioo, ataangalia nini? Maandishi unachapisha stesheneri. Hapa kwetu ni mia mbili karatasi, kipindi kimoja hakizidi karatasi tatu.

Binti_Ngamiani

Ushauri wangu ni wa upande wa kusoma. Mdogo wangu tulimpitisha kwenye vile vitabu vya hadithi vya ngazi. Nilianzia kumwazimia maktaba ya mkoa, lile jengo la King George, halafu tukapata vingine kwa mitumba.

Mfano ni mfululizo wa Oxford Bookworms. Ngazi ya kwanza imeandikwa kwa maneno ya msingi 400, ya pili 700, ya tatu 1,000, ya nne 1,400, ya tano 1,800, ya sita 2,500. Namba ya ngazi iko kwenye jalada.

Kosa letu lilikuwa fahari. Baba alisema kidato cha pili hawezi kusoma kitabu chembamba kama cha watoto, akamletea ngazi ya nne. Dogo alisoma kurasa sita kwa wiki tatu, kila mstari kamusi. Kikawa kitabu cha kuwekea kikombe cha chai. Nikamshusha mpaka ya pili kimyakimya, nikavika gazeti jalada asione aibu. Alikimaliza kwa siku nne, akauliza kingine.

Kuna kipimo nilichofundishwa chuoni, kinatokana na utafiti wa Paul Nation wa New Zealand na mwenzake: msomaji anahitaji kuyajua maneno kama 98 kati ya 100 ili aelewe bila msaada. Yaani fungua ukurasa, hesabu maneno mia, yasiyojulikana yakizidi mawili matatu, rudisha kitabu rafuni. Mtoto asomee raha. Kamusi ifunguliwe akimaliza sura.

FomuFoo2019

@Binti_Ngamiani sasa hiyo ya 98 mbona kitabu cha Baiolojia cha kidato cha pili hakifikii hata kidogo? Hicho arudishe rafu gani?

Binti_Ngamiani

Swali zuri na jibu lake linaniuma. Hicho hana pa kukirudisha. Ndiyo maana hadithi rahisi zinatakiwa ziwe nyingi pembeni, kicha cha maneno ya kawaida kijae, abaki kuhangaika na "photosynthesis" peke yake, asihangaike na "although" pia.

Mwl_Pongwe

Hapo kwenye "although" umenimaliza. Watoto wanajua "chlorophyll" lakini "unless" inawaangusha.

Mama, turudi kwako. Podikasti aliyokutajia mtu nadhani ni 6 Minute English ya BBC. Nzuri sana: watangazaji wawili wanaongea, mwanzoni wanatoa swali ambalo jibu lake linakuja mwishoni, wanaeleza maneno sita mapya, na maandishi yote yako kwenye tovuti bure. Ila wenyewe wanailenga ngazi ya kati. Kwa kijana wako sasa hivi itakuwa kama ile ngazi ya nne ya baba yake Binti. Aanzie tovuti ya LearnEnglish ya British Council, sehemu ya kusikiliza imepangwa kuanzia A1, ngazi ya chini kabisa. Mwekee A2, inayofuata, vipande vifupi, vina maandishi na maswali. Akizoea, miezi mitatu minne, ahamie BBC. Ile ya Sauti ya Amerika aliyoitaja mzee ilipata warithi mtandaoni, lakini tangu Machi 2025 idhaa yenyewe imeyumba, siitegemei kwa vitu vipya.

Ninavyowafanyisha wangu: kipande kimoja, siku nne. Siku ya kwanza anasikiliza mara mbili bila karatasi, anieleze kwa Kiswahili kinahusu nini. Kwa Kiswahili, ndiyo, sitaki anidanganye kwa maneno aliyoyakariri. Siku ya pili imla: achague mistari mitatu, aandike anachosikia, arudie hata mara kumi. Ya tatu ndiyo anapewa karatasi, asahihishe kwa kalamu nyekundu. Siku hii ndiyo yenye utamu wote, maana anaona kwa macho yake neno gani lilimezwa na wapi. Ya nne anasoma kwa sauti pamoja na redio, akimkimbiza msomaji. Dakika 20 kwa siku, zisizidi.

Kocha_Mikanjuni

Mwalimu, na mimi mtu mzima naruhusiwa?

Mwl_Pongwe

Karibu. Uje na kalamu nyekundu mbili.

FomuFoo2019

Mimi bado nasema mitihani iliyopita isiachwe. Mwezi wa tisa ukifika, weka redio chini, fanya maswali kwa saa. Niliona wenzangu waliokuwa wanaongea ung'eng'e kama wamezaliwa Uingereza, muhtasari ukawashinda kwa sababu hawajawahi kuandika.

Mwl_Pongwe

Hilo nalikubali bila ubishi.

Mama_Makorora

Wadau, nimerudi, ni wiki tatu sasa. Twisheni nimeiacha. Nilichungulia dirishani, ni kama mwalimu alivyosema, tensi ubaoni. Nimenunua memori kadi, Fundi wa barabara ya 12 kaniwekea vipande 15 (asante, na hukunitoza ya kuweka). Kitabu cha ngazi ya pili nimekipata, nimekivika gazeti.

Imla ya kwanza: mistari mitatu, makosa 17. Moja ilinikalisha chini. Kipande ni cha msichana anayeongea na rafiki yake wanapanga kwenda sokoni. Anasema "I'll pick it up at eight." Kijana kaandika "Al pikitapa tate". Akaniita jikoni, "Mama, Pikitapa ni mji wa wapi?" Nikamwambia sijui, subiri siku ya karatasi.

Siku ya tatu kaitazama karatasi kimya muda mrefu. Halafu kachukua kalamu nyekundu akapiga mistari minne kwenye hiyo Pikitapa, akairudisha redio nyuma, akairudisha tena, na mara ya tatu nikamsikia anasema peke yake, "Aa, kumbe wako wanne humu ndani."

Jana imla ya tatu, makosa 11. @Mwl_Pongwe, swali moja: anataka afanye vipande viwili kwa wiki badala ya kimoja. Nimruhusu au nimzuie?