Mrejesho: tomu zangu sasa zinalia vizuri

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini tomu (zile ngoma za kati kwenye seti ya dramu) nilizorekodi chumbani zinasikika kama maboksi matupu. Mlioniambia niiache kompyuta kwanza nikashughulikie ngozi, Mungu awabariki sana! Nilibadilisha ngozi za juu zilizochakaa, nikakaza kila skrubu mpaka mlio ukalingana pembeni kote, na ngozi ya chini nikaikaza ilie juu kidogo kuliko ya juu. Maiki ni SM57 ileile, ila nimeiinua vidole vitatu juu ya ukingo. Kwenye miksi nimepunguza masafa ya 400 Hz tu, kama desibeli 5. Geti (ile ya kunyamazisha sauti ikishuka) nimeitoa kabisa. Ilikuwa inaukata mlio kabla haujafifia, na utamu wa tomu uko hapohapo. Tomu kubwa bado inavuma kila kiki (ngoma ya mguu) ikipigwa. Hiyo naishughulikia wikiendi.