Naomba ushauri: nampeleka mama Little Steeping

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Nottingham, Uingereza, na mama yangu anakuja kutoka Unguja mwezi ujao. Ameimba kwaya ya kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini miaka mingi, na ombi lake ni moja: aione parokia ya zamani ya Askofu Edward Steere, aliyezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile mwaka 1882. Kabla ya kuja Zanzibar, Steere alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji kidogo cha Lincolnshire. Rafiki yake William Tozer, askofu aliyemtangulia Zanzibar, alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh, jirani tu. Nataka tuyaone makanisa yote mawili na, muda ukiruhusu, jumba la Gunby la mwaka 1700.

Treni hadi Skegness, mji wa pwani ulio karibu na huko, naijua. Shida ni milango. Jumamosi iliyopita nilijaribu kanisa la kijiji karibu na hapa, nikakuta limefungwa. Mlangoni karatasi iliyolowa mvua, namba ya mwenye ufunguo imefutika. Mama ana goti bovu, sitaki asafiri kote huko aishie kushika kitasa.

Nisaidieni mawili. Ufunguo wa kanisa la kijijini huombwa kwa nani, na siku ngapi kabla? Na chakula cha mchana: huko naona ni baa tu, na mama hajawahi kukanyaga baa maishani. Tukiingia tukaagiza samaki na chai bila pombe, ni sawa?

Natanguliza shukrani.