Yoga na kisukari aina ya kwanza: naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Tausi Mpole
Habari za jioni wakuu. Mimi ni binti wa miaka 27, nipo Dar. Nina kisukari aina ya kwanza, niligundulika miezi saba iliyopita, nachoma sindano. Baadaye nikaanza yoga kila Jumamosi asubuhi na nimeona tofauti kubwa: usingizi umerudi, ile hasira ya "kwa nini mimi" imepungua, hata namba kwenye mashine zilitulia. Sasa kuna kambi ya ukimya Unguja, siku kumi, tunaondoka Ijumaa. Wenye uzoefu, ni mikao gani inamfaa mtu wa sukari? Na mama nimwambieje? Hataki kabisa kusikia habari hizi.

Kobe wa Tandale
Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mzee wa Minazi
Binti yangu, yoga ni ibada ya watu. Unakunja miguu, unafumba macho, unafungua mlango usiomjua atakayeingia. Msikilize mama yako. Piga magoti uombe.

Fundi Gereji
Mzee, shikamoo. Sasa mimi ninayekunja miguu chini ya Noah kutwa nzima nimeshafungulia wangapi? Ila dada, nami nina swali: mgongo unanisumbua sana, upande wa kushoto hapa chini. Kuna mkao wake?

Mama Kulwa
Pole mwanangu. Baba yangu mdogo sukari ilimtesa miaka, akapewa mlonge na majani ya mpera, leo anakula ubwabwa wake kama kawaida. Wewe punguza soda, ndizo zilizokuponza.

Sindano Nne
Mama Kulwa, baba mdogo bila shaka ana aina ya pili. Hii yetu haiji kwa soda. Kinga ya mwili wenyewe inazigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Mlonge hauzifufui.

Tausi, mimi huu ni mwaka wa 11, nachoma mara nne kwa siku na yoga nafanya. Nitakujibu, ila kwanza: unachoma insulini gani na mara ngapi? Umeandika "nachoma sindano" ukapita haraka kama unapita mlangoni kwa mtu anayekudai.

Tausi Mpole
Ile ya mchanganyiko, nyeupe kama maziwa. Nachoma asubuhi.

Sindano Nne
Asubuhi na jioni?

Tausi Mpole
Ya jioni nimeipumzisha kidogo.

Sindano Nne
Kidogo ni siku ngapi, mdogo wangu?

Tausi Mpole
Haya, wiki tatu. Msianze kunishambulia, sikuamka tu nikaacha. Jumamosi moja mwishoni mwa darasa tumelala chali, ule mkao wa maiti. Vidole vikaanza kutetemeka, jasho jembamba linanitoka, midomo inawasha kama imepakwa pilipili, sauti ya mwalimu naisikia kwa mbali. Akanishika utosini akasema mwili wako umeanza kujitibu, sindano ndiyo inayoukatisha. Nikatoka pale, nikanunua juisi ya miwa kwa yule wa mkokoteni, nikakaa sawa. Jioni nikaruka sindano. Asubuhi napima, 7.2. Nikaruka tena, 6.9. Wiki mbili nzima hivyo hivyo. Mtaniambia mashine inadanganya?

Sindano Nne
Ulichoma asubuhi, ukala?

Tausi Mpole
Mwalimu anataka twende na tumbo tupu.

Sindano Nne
Basi aliyekutibu siku ile ni muuza miwa. Sukari ilikuwa imeshuka. Insulini ndani, chakula hakuna, saa nzima unajinyoosha. Ungebaki umelala pale wakidhani umetulia, ule mkao ungekuwa maiti kweli.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.
Aina ya kwanza ni ugonjwa wa watoto, huyu ana 27. Halafu mtu wa aina ya kwanza aruke sindano wiki nzima apate 7? Na akaunti ni ya juzi, kambi ipo Unguja, safari Ijumaa. Kesho mtaona bei na namba ya kulipia. Mimi nimeshaona nyuzi za hivi, moja ilikuwa ya mafuta ya mbuni.

Kobe wa Tandale
Narudisha karanga.

Mama Kulwa
Jamani, hata mimi nilianza kushangaa. Watu wana roho ngumu, kudanganya na ugonjwa!

Nesi Zamu ya Usiku
Mjumbe, la watoto si kweli. Wapo wanaoipata na miaka 30, wapo wa 40 na zaidi. Hilo la namba ni swali zuri, na jibu lake ndilo linaloniogopesha. Ukianza insulini, zile seli chache zilizobaki hupata nafuu, zinafanya kazi kwa muda, dozi inashuka. Kipindi hicho kina jina tamu, fungate. Kinaweza kuchukua wiki, kinaweza kuchukua miezi, halafu kinaisha. Wengi wakiwa humo huapa wamepona: huyu kwa maji ya baraka, yule kwa mlonge, huyu kwa yoga.

Tausi, umesema umeacha wiki tatu, ila namba nzuri umetupa za wiki mbili. Ya tatu je?

Tausi Mpole
Mjumbe, sina kambi ya kuuza. Natamani ingekuwa chai.

Wiki hii ni 12, 13, juzi 15. Mwalimu anasema ni sumu inatoka. Kambini siku tatu za mwanzo ni juisi tu, simu wanachukua, na dawa wanashauri ziachwe nyumbani. Nilipanga kuficha kichupa kwenye begi. Ila nimeshalipa laki tatu na nusu, hairudi. Na mjue nimechoka. Miezi saba najitoboa vidole, kila mtu ananiangalia sahani. Pale kwenye mkeka ndipo peke yake ambapo mimi si mgonjwa.

Mzee wa Minazi
Nilisema mimi. Mlango.

Fundi Gereji
Mzee, tulia kidogo.

Sindano Nne
Hapo kwenye kuchoka umesema kweli, na sikuambii uache mkeka. Hofu na hasira zinapandisha sukari, ini linaimwaga, kwa hiyo utulivu una faida. Lakini kabla ya Januari 1922, yule kijana wa Toronto alipochomwa insulini ya kwanza, wenzetu walikuwa wanashindishwa njaa ili tu waongezewe miezi ya kuishi. Juisi siku tatu bila sindano ni kurudi kule, tena kwa kulipia.

Yoga yangu mimi iko hivi. Napima kabla. Chini ya 5 nakula kitu kwanza. Juu ya 14 napima ketoni kwenye mkojo, zile asidi mwili unazotengeneza ukikosa insulini; zikiwepo, mkeka naukunja. Glukosi iko kando yangu na mwalimu anajua iko wapi. Mikao ya kichwa chini nimeiacha kwa sababu ya macho.

Faida kubwa nimeipata jikoni. Zamani nikiamka usiku nina 3.1, shuka limelowa jasho, nakula mkate mzima kwa woga, asubuhi 19. Siku hizi nakoroga vijiko vitatu vya sukari, nakunywa, nakaa sakafuni mgongo kwenye friji, nahesabu pumzi dakika 15, ndipo napima tena. Hata kichupa cha insulini ile nyeupe kama maziwa, nakiviringisha viganjani taratibu mara ishirini, bila kukitikisa, na pumzi inakwenda nacho. Hakuna kambi iliyonifundisha hilo. Kesho nenda kliniki, wawekee mezani namba zote, pamoja na ulizozificha. Dozi watapanga wao, usiombe hapa.

Fundi Gereji
Hapo kwenye friji nimepaelewa. Na wa mgongo?

Tausi Mpole
Mpo? Ni saa saba usiku. Nimepima, 18.6. Nimetapika mara mbili, tumbo linauma, kiu haiishi. Ninayekaa naye anasema mdomo unanuka kama tunda lililoiva likapitiliza.

Nesi Zamu ya Usiku
Hizo ni dalili za asidi kwenye damu. Hospitali SASA HIVI, usingoje kliniki ya asubuhi. Beba kichupa na mashine. Mwenzako asikuache ulale.

Tausi Mpole
Bajaji ninayemjua hapokei simu.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Upo wapi?

Tausi Mpole
Tabata.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Nipo Buguruni, bajaji ninayo. Njoo inboksi unielekeze.

Kobe wa Tandale
Wakuu, kumekucha. Imekuwaje?

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Amelazwa, yupo dripu ya pili, insulini inakwenda, anaongea. Mama yake amefika alfajiri na khanga ya kulalia. Kaniuliza mimi ni nani wa binti yake. Nimebaki namtazama tu.