Pikapu isiyo na mfuniko wa tenki: vumbi na maji navizuiaje? Naombeni ushauri

Msukuma_wa_Baridini

Wakuu habari za jioni.

Niko North Dakota, upande wa Fargo, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni ya shambani, na Oktoba hii tuko kwenye mavuno ya viazisukari, ile mizizi mikubwa ambayo huku wanaikamulia sukari badala ya miwa. Natembelea pikapu ya petroli ya mwaka 2015, nilinunua mkononi mwa mtu. Tenki lake halina mfuniko wa kuzungusha. Ukifungua kilango cha nje unakuta mdomo wenye kibati cha springi. Unasukuma nozeli, kibati kinafunguka, ukichomoa kinajifunga chenyewe.

Barabara za huku mashambani ni za changarawe na malori ya viazi yanapita usiku na mchana. Kukiwa kukavu ni vumbi tupu. Mvua ikinyesha, udongo wake ni kama ule wa mbuga kwetu Maswa, mweusi, unanata kwenye kila kitu. Juzi nikiwa sheli nilipitisha kidole pembeni mwa kile kibati, kikatoka na tope hadi ndani ya kucha. Chini ya mdomo palikuwa na maji yametuama, kiasi cha kijiko cha chakula. Nikasimama na nozeli mkononi najiuliza, hivi mara ngapi nimeshaisukuma juu ya uchafu huu bila kuangalia?

Wiki iliyopita dashibodi ilileta ujumbe wa kunitaka nikague mdomo wa mafuta. Ukapotea. Jana taa ya injini imewaka, nikachomeka kile kifaa cha kusomea makosa, kikatoa P0457. Karakana niliyokwenda wanataka nibadilishe bomba lote la kuwekea mafuta, na bei yake imenikata maini.

Naombeni msaada. Hilo bomba limekufa kweli? Mtandaoni wanauza vizibo vya mpira vya kuchomeka kwenye mdomo huo, vinafaa? Na baridi inakuja. Yale maji yakiganda pale itakuwaje? Kwa muda nimebandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mdomo.

---

Fundi_Gerezani

Pole mkuu. Usinunue bomba kwanza.

Nikueleze kinachotokea pale. Ndani ya mdomo huo kuna vibati viwili, cha nje na cha ndani. Cha ndani ndicho chenye mpira unaozuia mvuke wa petroli usitoke. Cha nje kazi yake ni kujikinga kidogo na kutambua nozeli, kwa sababu kuna vishikio pembeni ambavyo haviachii mpaka kiingie kitu chenye unene sahihi. Ndiyo maana bisibisi haikifungui na mwizi wa kunyonya mafuta kwa mpira anahangaika.

Gari lako linapima lenyewe kama mvuke unavuja. P0457 maana yake limeona uvujaji na linashuku mfuniko. Wewe mfuniko huna, kwa hiyo linachoshuku ni hicho kibati cha ndani. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye mpira wake, hakifungi sawasawa, na taa inawaka. Bomba halijafa. Ni uchafu.

Sasa nikwambie jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Vumbi haliingii kwenye tenki lenyewe wakati gari linatembea. Linakaa juu ya kibati cha nje, linasubiri. Anayeliingiza ni wewe na nozeli yako. Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: kabla ya kujaza mafuta, kila safari, futa mdomo kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Anza kwenye kibati, tembea kwenda nje. Halafu futa na ncha ya nozeli yenyewe, maana nozeli za sheli za vijijini nazo zinaanguka chini.

Pili, angalia chini kabisa ya kile kikombe kinachozunguka mdomo. Pana kitundu cha kutolea maji, mara nyingi kina mpira mdogo unaoshuka hadi karibu na tairi. Maji yametuama kwako kwa sababu kitundu kimezibwa na huo udongo. Kizibue kwa waya laini wa plastiki, ule wa kufungia nyaya, kisha mimina maji nusu kikombe cha chai kwenye kikombe huku kibati kimefungwa, uone kama yanatoka chini. Yasipotoka hujamaliza.

---

Mjukuu_wa_Chifu

Mkuu chukua mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, fyonza pale mdomoni dakika mbili, kwisha habari.

---

Fundi_Gerezani

@Mjukuu_wa_Chifu hapana, ndugu yangu, na naomba mtu yeyote asijaribu. Mota ya mashine ile inatoa cheche, na hewa inayofyonzwa inapita humo humo. Ukifyonza mdomo wa tenki unavuta mvuke wa petroli kwenye cheche. Watu wameungua kwa mambo madogo kuliko hilo. Mdomo wa tenki ni kitambaa na brashi laini, basi. Upepo wa kompresa unaweza kutumika kwa mbali na kwa ubavu, ukipuliza kutoka ndani ya kikombe kwenda nje, na kibati kikiwa kimefungwa. Ukielekeza upepo moja kwa moja kwenye kibati unasukuma mchanga kule kule usikotaka uende.

Na ule utepe wa karatasi utoe leo. Unaacha utandu wa kunata, vumbi la kesho litashika mara mbili.

---

Mjukuu_wa_Chifu

Nimeelewa fundi. Nimejifunza, asante.

---

Njoroge_Kaskazini

Ndugu yangu, niko Minnesota, si mbali na wewe. Swali la barafu nakujibu kwa yaliyonipata.

Miaka miwili iliyopita nilipeleka gari kuoshwa kwa mashine ya msukumo mkubwa, Januari, ili kutoa chumvi ya barabarani. Kijana akapiga maji kwenye kilango cha mafuta bila kujua. Asubuhi ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri za Selsiasi. Nikafika sheli, nozeli haiingii. Kibati kimeganda kama kimechomelewa. Nikataka kulazimisha, nikashukuru Mungu sikufanya hivyo, kwa sababu vile vishikio ni vya plastiki na kwa baridi hiyo vinakatika kama biskuti.

Usimwage maji ya moto. Yatayeyusha kidogo, yatashuka chini, yataganda tena mahali pabaya zaidi. Nilichofanya nililiingiza gari gereji yenye joto masaa matatu, nikafuta, nikasubiri kukauka. Kama huna gereji, loweka kitambaa kwa ile spirti ya isopropili ya kusafishia vidonda, bonyeza kitambaa juu ya kibati dakika chache, barafu inalegea. Usiimimine.

Tangu hapo majira ya baridi nafuta mdomo pakiwa pakavu *kabla* na *baada* ya kujaza, na nikiosha gari namwambia mwoshaji akae mbali na upande ule.

---

Bi_Mwanajuma_Tanga

Mwanangu wa Maswa, salaam kutoka Tanga. Mimi nina pikapu mbili za kubebea kokoto, za kizamani zenye mfuniko wa kuzungusha, kwa hiyo hicho kibati chenu sikijui. Lakini vumbi la kokoto nalijua miaka kumi na minane.

Shida yetu ilikuwa hiyo hiyo ya kilango cha nje. Kile kimkanda cha mpira kinachozunguka kilango kikishachakaa, vumbi linaingia hata kama mfuniko ni mzuri. Fundi wangu alikata tyubu kuukuu ya pikipiki, akatengeneza gasketi nyembamba ya duara, akaibandika upande wa ndani wa kilango. Kikifungwa kinakaa kwa kubana kidogo. Ukipaka poda au chaki kwenye ukingo wa kilango, ukafunga na kufungua, utaona alama inapogusa na inaporuka. Pale inaporuka ndipo vumbi linapopita. Usiifanye nene, kilango kitakataa kujifunga.

Jaribu hilo kabla hujanunua vitu vya mtandaoni.

---

Kapteni_Geita

Mama Mwanajuma umesema vizuri sana, hiyo ya chaki nitaitumia kazini.

Mkuu, kuhusu vizibo vya mpira. Vinafaa, ila angalia mambo mawili, na ukikosea hata moja bora usingeweka.

La kwanza ni urefu. Kizibo kinatakiwa kikae kwenye mdomo tu, kisiguse vibati. Nimeona kizibo cha bei rahisi chenye shina refu, kikichomekwa kinasukuma kibati cha nje kidogo. Mwenye gari anadhani amekinga, kumbe ameacha mlango wazi chini ya kofia. Pima kina kutoka ukingo wa mdomo hadi kwenye kibati kwa kijiti, linganisha na kizibo kabla ya kulipa.

La pili ni usafi. Kizibo kikichomekwa juu ya mdomo mchafu kinafungia uchafu na unyevu ndani. Na ukikichomoa ukakiweka juu ya bodi au chini kwenye changarawe, kinarudi na mchanga. Mfukoni, au kwenye kifuko safi.

Usiogope kwamba kitazuia tenki kupumua. Magari haya hayapumulii mdomoni, yanapumulia kwenye kichujio cha mkaa na vali zake, upande mwingine kabisa.

Kwa faida ya wengine: mfumo huu Ford waliuanza kwenye Ford GT ya 2005, ukaja Explorer ya 2008, F-150 ikaupata 2009. Lengo lilikuwa zuri, kwa sababu watu wengi walikuwa wanasahau kukaza mfuniko na petroli inapotea hewani. Kwa barabara ya lami hauna shida. Kwa changarawe na tope unataka mkono wa mwenye gari.

---

Msukuma_wa_Baridini

Nashukuruni sana, sikutegemea msaada wa kiasi hiki. Swali moja: nipake grisi kwenye kibati ili kiteleze? Jamaa wa kazini anasema nipulizie silikoni.

---

Fundi_Gerezani

Grisi hapana. Inashika vumbi, baada ya wiki una msasa pale. Silikoni ya kupuliza ndani ya mdomo pia hapana. Ikishuka kwenye mafuta inaungua kwenye injini na mabaki yake yanaharibu sensa za oksijeni kwenye egzosi. Ukitaka, paka silikoni kidogo kwa kidole kwenye ule mpira wa kilango cha nje tu, ili usigande na bodi wakati wa baridi. Kibati kinatakiwa kiwe kisafi na kikavu.

Fanya na hili. Gari lilikuja na faneli ndogo ya plastiki, ya kujazia mafuta kwa kidumu. Itafute chini ya kiti au pamoja na vifaa vya tairi la akiba. Faneli ya kawaida haifungui vishikio, mafuta yatamwagika nje. Ukishafuta vizuri, injini ikiwa imezimwa, ingiza na utoe faneli hiyo safi mara tano sita. Kibati kinajipiga na kujikalisha, chembe iliyonasa kwenye mpira inadondoka. Hata vitabu vya magari haya vinaelekeza hivyo.

Taa haitazimika papo hapo. Tenki lisijae sana wala lisiwe karibu kuisha, gari lilale usiku, asubuhi liendeshwe kawaida. Litajipima lenyewe ndani ya siku chache.

---

Msukuma_wa_Baridini

Wakuu, narudi na majibu, zimepita siku kumi na moja.

Faneli niliikuta nyuma ya kiti, bado kwenye mfuko wake, hakuna aliyewahi kuigusa. Kitundu cha maji kilikuwa kimejaa udongo uliokauka, umetoka kama kipande cha chaki nyeusi, urefu wa kiungo cha kidole. Nilipomimina maji yakashuka karibu na tairi moja kwa moja. Nimefuta, nimetumia faneli mara sita. Siku ya nne taa imezimika, haijarudi.

Gasketi ya tyubu ya Bi Mwanajuma nimeiweka. Alama ya chaki ilionyesha kilango kilikuwa hakigusi upande wa chini, karibu na bawaba, ndipo tope lilipokuwa linapenya. Kizibo sijanunua, nangoja nione theluji ya kwanza. Kitambaa kimekaa mfukoni mwa mlango, na ninafuta kabla ya kujaza hata nikiwa na haraka.

Mama, shikamoo na asante sana.

---

Bi_Mwanajuma_Tanga

Marahaba mwanangu. Ile gasketi uikague kila mwezi, tyubu ikikaa na mafuta inavimba. Ukiona imelainika, kata nyingine.

---

Dizeli_Songea

Samahani kuingilia uzi. Mdogo wangu yuko Texas ana pikapu ya dizeli ya mfumo huu huu. Ushauri ni huo huo?

---

Fundi_Gerezani

Usafi ni ule ule, lakini mwambie awe mkali zaidi. Maji kidogo kwenye petroli yanachanganyika na ile ethanoli yao ya asilimia 10, yakizidi yanajitenga na kukaa chini, injini inakohoa. Kwenye dizeli yanakwenda kuleta kutu kwenye pampu na nozeli za injini, na hizo ni ghali mno. Awe anafungua bomba la kutolea maji kwenye chujio la dizeli kwa muda uliopangwa kwenye kitabu cha gari, na taa ya maji kwenye mafuta ikiwaka asimamishe gari siku hiyo hiyo. Na vishikio vya dizeli vimepimwa kwa nozeli nene ya dizeli, kwa hiyo akijazia kidumu lazima awe na faneli ya gari lake mwenyewe, ya petroli haitafungua.