Pizzica ya Salento: ni ngoma ya harusi au ya uganga?

Msikilizaji wa Tanga
Wanajukwaa, naomba mnisaidie. Ninapenda sana pizzica, ngoma ya Salento, ile rasi ya mkoa wa Puglia ambayo kwenye ramani ndiyo kisigino cha Italia, lakini maelezo ninayoyasoma yanapingana. Huyu anasema ni ngoma ya harusi na sherehe, ambamo mwanamke hupeperusha kitambaa na mwanamume humzunguka bila kumgusa. Yule anasema ilipigwa ili kumponya mtu aliyeumwa na buibui. Je, ni ngoma moja au mbili? Na tarantella inahusikaje?

Mwanafunzi wa Ngoma
Ndugu, muziki ni wa ukoo mmoja, ila shughuli ni mbili. Tarantella ni jina pana la ngoma nyingi za kusini mwa Italia, na pizzica ni tawi lake la Salento. Ile ya tiba huitwa pizzica tarantata. Mgonjwa, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke wa mashambani, alianguka au kuzubaa msimu wa mavuno, na jamaa zake wakawaita wapigaji nyumbani. Wapigaji hao hawakuwa na wimbo mmoja wa dawa. Walijaribu huu na ule, huku tepe za rangi mbalimbali zikiwekwa mbele yake, hadi ulipopatikana mdundo uliomwinua, kwa maana iliaminika kwamba kila buibui ana wimbo wake na rangi yake. Hapo alicheza kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa, mpaka Mtakatifu Paulo amjalie kupona, na tarehe 29 Juni alikwenda kwenye kikanisa cha mtakatifu huyo mjini Galatina.

Ernesto de Martino, mtaalamu wa Kiitalia wa mila na dini, aliyefanya utafiti huko mwaka 1959 akiwa na mtaalamu wa muziki Diego Carpitella, hakuridhika na maelezo ya sumu ya buibui. Sumu gani hiyo inayorudi kila mwaka msimu ule ule, na ambayo watu wa Galatina walihesabiwa kuwa na kinga nayo? Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1961 alieleza kwamba ngoma hiyo iliwapa watu, hasa wanawake, njia iliyokubalika ya kutoa machungu yasiyosemeka, kama vile mapenzi yaliyozuiwa na ndoa wasizozitaka.

Fidla na Tari
Niongeze upande wa ala. Moyo wa pizzica ni tamburello, yaani tari yenye visahani vya bati pembeni, ambayo mkono hauipumzishi: mapigo huenda matatu matatu, kwa kasi, na mpigaji hodari huweza kuendelea mpaka vidole vichubuke. Juu yake huja fidla na kodiani ndogo ya vifungo. Luigi Stifani, kinyozi wa mji wa Nardò huko Salento, aliyefariki mwaka 2000, ndiye mpiga fidla anayekumbukwa zaidi kwa kuwachezesha wagonjwa hao. Msiichanganye na tammurriata, ngoma ya mkoa wa Campania upande wa Napoli, ambayo mapigo yake huenda mawili mawili.

Msikilizaji wa Tanga
Nashukuru. Kwa maelezo hayo, mtu wa pwani hawezi kuacha kufikiria ngoma za pepo, ambamo nako hutafutwa ngoma anayoitaka pepo aliyempanda mgonjwa.

Mwanafunzi wa Ngoma
Ulinganisho huo una mashiko, na de Martino mwenyewe aliitazama tarantata sambamba na ibada za Kiafrika za kupandwa na pepo. Tofauti ni kwamba pepo wetu mara nyingi huzungumza, hutajwa jina na hudai vitu vyake, ilhali kule Salento yaliyosemwa yalisemwa zaidi kwa mwili.

Kinachosikika leo katika tamasha la La Notte della Taranta, lililoanza mwaka 1998 na ambalo onyesho lake kuu hufanyika Melpignano mwezi Agosti, ni muziki wa jukwaani wenye vipaza sauti, ulioongozwa na wageni kama Stewart Copeland, mpiga dramu wa bendi ya The Police, na mpiga piano Ludovico Einaudi. Siubezi, kwani umewarudisha vijana kwenye tari, lakini hauonyeshi ngoma ilivyochezwa chumbani kwa mgonjwa. Anza na rekodi ambazo Carpitella na Alan Lomax, Mmarekani mkusanyaji wa nyimbo za jadi, walizichukua Salento mwaka 1954, kisha ndipo usikilize za tamasha.